Bawa Lililoshonwa Jeppestown

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, nasimama kando ya ndege isiyoruka na kungoja mtu aniulize kwa nini ina bawa moja.

Wageni huuliza hivyo hivyo, ingawa ukihesabu utakuta mabawa mawili, la kushoto na la kulia. Wanachomaanisha ni kwamba hakuna tabaka jingine juu yake. Kwenye picha za zamani wamezoea kuona mabawa yaliyopandana kama vitanda vya bweni, yameshikanishwa kwa nguzo na waya. Hii yetu ina tabaka moja tu, jembamba, limenyooka huku na huku kama mtu anayepimwa koti.

Jibu ninalo. Tatizo langu ni kwamba ninalo lote. Naanza na upepo: bawa la pili husaidia kubeba, lakini nalo ni mzigo wa kusukuma mbele ya upepo, hivyo waliotaka mwendo walichagua moja. Waliotaka usalama walichagua mawili, maana mawili yakifungwa pamoja huwa kama sanduku, na sanduku halipindi kirahisi. Bawa moja halina mwenzake wa kuliegemea. Linashikwa na waya tu. Za chini hulivuta lisikunjike kwenda juu ndege ikiwa angani, za juu hulishika lisilegee ndege ikiwa imetua. Naendelea hivyo mpaka mama mmoja anamshika mwanawe mkono, ananishukuru kwa adabu, na wanaondoka wakati mimi bado sijafika kwenye injini.

Wengine hugusa kitambaa na kuuliza nani alikishona. Nasema hakikushonwa, kimegandishwa. Ni kweli. Watu wawili walikuja na gari lao, wakakibandika kwa gundi, wakakinyoosha kwa pasi, na siku ya pili jioni walikuwa wamemaliza. Lakini kabla ya hicho kulikuwa na kitambaa kingine, cha kitani, kilichoshonwa na mtu ninayemfahamu. Kama si mimi, kingekuwepo mpaka leo.

Nilimaliza shahada ya uhandisi wa mitambo hapa hapa Johannesburg, na kwa miezi kumi na minne kazi yangu ikawa kuandika barua za kuomba kazi. Nilikuwa nakaa Berea, chumba kimoja na vijana wawili wa Dar, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyewahi kuiwekea msiba. Wao waliuza viatu. Walikuwa wakitoka asubuhi wananiacha nikisoma barua ile ile, na wakirudi jioni wananikuta nayo.

"Eish, injinia," mmoja aliniambia, "hiyo barua itazeeka kabla yako."

"Narekebisha kidogo."

"Unarekebisha tangu Jumanne. Sisi tumeuza jozi kumi na tatu, wewe umehamisha nukta."

Alikuwa anatania, lakini hakukosea sana. Nafasi moja niliikosa kwa sababu siku ya mwisho ilipita nikiwa bado natafakari kama nijisifu au nijishushe. Ndivyo nilivyo. Mlango nikishaufunga narudi kuutikisa, halafu narudi kuhakikisha kwamba kuutikisa hakukuulegeza.

Mwalimu wangu mmoja wa chuoni alinionea huruma, akanielekeza kwa fundi mstaafu wa ndege aliyekuwa na karakana Jeppestown, ndani ya ghala la zamani. Mzee huyo alikuwa akiunda nakala ya ndege ya bawa moja ya miaka ile ya mwanzo kabisa ya urubani, yenye fremu ya mbao na magurudumu kama ya baiskeli, ili ikawekwe kwenye ukumbi wa maonyesho. Isingeruka kamwe. Injini yake ilikuwa ganda tupu. Mimi niliajiriwa kusoma michoro, kupima waya na kukagua viungo, na mwenye karakana alinipenda kwa sababu nilikagua kila kitu mara tatu. Watu wengi hunichoka kwa sababu hiyo hiyo.

Mifupa ya bawa ilipokamilika, mwenye karakana akataka livishwe kama walivyovisha watu wa zamani. Kitani kinashonwa kipande kwa kipande, kinakuwa mfuko mrefu kama foronya, bawa linaingizwa ndani, kisha unapakwa vanishi maalumu ambayo ikikauka hukivuta kitambaa mpaka kikakazana kama ngoma. Alitafuta mshonaji akakosa. Waliobaki wanaoijua kazi hiyo walikuwa mbali, au walikuwa wamekufa. Mimi ndiye niliyesema namjua mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, rika la baba yangu, aliyekaa mitaa miwili kutoka kwetu chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Aliwahi kunitilia zipu kwenye suruali ya usaili ambao sikuitwa. Siku ile ya kwanza nilimwita mzee, kama tunavyoita kwetu Tanga, akaniangalia juu ya miwani.

"Mzee ni nani? Miye bado niko na meno yote. Niite papa, sawa baba yako, tutasikilizana."

Kwa hiyo nilimwendea na kusema, "Papa, kuna kazi ya kushona bawa la ndege."

Miguu yake haikuacha kukanyaga cherehani. "Ya mchezo wa kanisa?"

"Hapana. Ndege kweli."

"Ndege ya kweli inashonwa?"

"Za mwanzo zilishonwa. Kitambaa juu ya mbao."

Hapo miguu ikasimama. "Alors, weye ulisoma miaka yote ile ku université juu ya kuya kuniambia ati ndege ni nguo?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini jioni ile ile alikuja. Aliizunguka ile mifupa polepole, akazipapasa mbavu za bawa kama anavyopapasa bega la mteja. "Huyu mutu amekonda sana," alisema. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Anakunja mukono wapi?"

Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anauliza jambo ambalo fundi huuliza kabla ya kukata koti, yaani mwili utajisogeza wapi. Na ndege zile za mwanzo kweli zilijikunja. Hazikuwa na vibao vya kugeuzia vilivyotundikwa ukingoni mwa bawa kama ndege za sasa. Rubani akivuta mtambo wake, bawa lenyewe lilipindwa, ncha moja ikashuka na nyingine ikapanda, na ndege ikalala upande. Nilimweleza hivyo, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

"Basi hatukate sawa," alisema. "Tutakata mshazari. Nguo ya kukata mshazari inafuata mwili."

Jambo hilo mimi nilikuwa nimelipata ndani ya kitabu baada ya wiki mbili za kusoma. Yeye alilipata kwa kutazama.

Mwenye karakana alipoona vipande vya kwanza alifurahi sana, akampa papa ahadi. Alikuwa na ndege nyingine mbili kuukuu zilizosubiri kuvishwa. Bawa la kwanza likikubalika, fundi atapewa hizo nazo, na ile kona ya karakana yenye dirisha kubwa itakuwa yake, awe na ufunguo wake na apokee hata wateja wake wa suruali. Ahadi hiyo niliifikisha mimi. Kiingereza cha papa kilikuwa cha salamu na vipimo, mwenye karakana hakujua Kiswahili hata neno moja, hivyo kila walichoambiana kilipitia kinywani mwangu.

"Muulize tena," papa alisema.

Nikauliza tena.

"Anasema vile vile?"

"Vile vile."

Alipiga kofi moja la mikono, akageuka akaitazama ile kona. Kwenye kibaraza, mvua ikija alifunika cherehani kwa nailoni na kulowa yeye. Jioni aliibeba mpaka kwa mwenye spaza, kiduka cha mtaani, aliyemhifadhia, na asubuhi akaibeba tena. Jumamosi iliyofuata alikuja na mkewe, mama mwenye sauti kubwa anayesuka nywele mtaa wa La Rochelle, na mama yule hata hakuitazama ndege. Alikwenda moja kwa moja dirishani na utepe wa kupimia.

"Mama, karakana hii itawekwa pazia?" nilimuuliza.

"Fundi gani anatumika kwa dirisha uchi? Shika huku mwisho, mwanangu, acha kucheka."

Nilishika.

Tulifanya kazi pamoja karibu mwezi mzima. Mchana tulikula sahani moja. Nilizoea kumsimulia habari za ndege hizi, na yeye peke yake, kati ya watu wote ninaowafahamu, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza jinsi jeshi moja la Ulaya lilivyowahi kuwakataza marubani wake kuruka na ndege za bawa moja, kwa sababu kadhaa zilikuwa zimevunjikia angani. Nilimweleza kwamba mafundi waliziogopea waya za chini, zile zinazobeba uzito, wakaziongezea nguvu. Baadaye ikaonekana kwamba rubani akiiinamisha pua ya ndege kwa ghafla, upepo hulipiga bawa kutokea juu, na zile waya za juu zilizodhaniwa hazina kazi angani ndizo hukatika.

"Sawa suruali," papa alisema. "Kila mutu anaogopa itapasuka nyuma. Inaenda kupasukia kwa goti."

"Na mwisho bawa moja ndilo lililoshinda," nilimwambia. "Walijifunza kulifanya nene, likabeba nguvu yake ndani, waya zikaondolewa. Ndege zote kubwa unazoziona leo ni za bawa moja."

"Kumbe ilikuwa inangojea tu bamuamini."

Sheria yake alinipa siku ya pili tu ya kazi. Niliona uzi unaning'inia kwenye mshono, nikataka kuuvuta. Alinishika kifundo cha mkono.

"Mwana, kwetu mushono wa fundi haufumuliwe na mutu mwingine. Ukiona mubaya, unamuita. Mwenyewe anashika wembe."

"Na kama hayupo?"

"Unangoja."

"Na kama anakataa kwamba ni mbaya?"

"Anakataa mbele yako, munabishana, munamaliza. Lakini haumufumulie nyuma ya mugongo. Ile ni kumuvua mutu nguo."

Niliitikia. Niliielewa vizuri. Sina kisingizio cha kutoelewa.

Ilikuwa Ijumaa. Papa alikuwa ameenda kwenye foleni ya kuongeza muda wa karatasi zake, ametoka alfajiri na simu ameizima ili chaji isiishe. Mwenye karakana alikuwa ameenda kufuata vanishi. Mfuko wa bawa la kwanza ulikuwa umekamilika, umekunjwa vizuri juu ya meza, na mimi nilikuwa peke yangu nao.

Niliukunjua ili kuutazama tu. Karibu na shina la bawa, upande utakaokuwa chini, niliona mstari mmoja wa mshono. Kitabu kilisema miwili. Mshono wa bawa hukunjwa pande zote mbili, mkunjo ndani ya mkunjo kama wa suruali ya jinzi, na kushonwa mara mbili, ili vanishi ikivuta usifunguke. Mimi niliona mstari mmoja. Nikawasha taa. Bado mmoja.

Nilimpigia papa, simu haikupatikana. Nilijiambia nitamuuliza Jumatatu. Kisha nikafikiria Jumatatu vanishi itakuwa imefika, mwenye karakana atakuwa na haraka, na mshono ukifunguka lawama itamwangukia papa na kona itapotea. Nilijishawishi kwamba namlinda. Hata sasa sijui kama nilikuwa naamini hivyo au nilikuwa tu nimeshindwa kukaa na swali lisilo na jibu kwa siku tatu. Na ndege yenyewe haikuwa ya kuruka. Hakuna mtu ambaye angepanda juu yake akaanguka. Hilo sikulifikiria kabisa, mimi ninayefikiria kila kitu.

Nilichukua wembe wake na kufumua upana wa vidole vinne.

Mstari wa pili ulikuwepo. Alikuwa ameuficha ndani ya mkunjo, usipigwe na jua, na ulikuwa umebana kuliko ule ulioelezwa kitabuni. Ningeacha hapo. Lakini vidole vinne vikiwa vizuri haimaanishi vinne vinavyofuata ni vizuri, hivyo nikafumua vingine, halafu vingine. Nilipoacha, nilikuwa nimefumua urefu wa mkono wangu, kutoka begani mpaka vidoleni. Sikukuta kosa hata mahali pamoja.

Nilikaa kwenye cherehani yake. Utotoni nilikuwa nikimsaidia mama yangu kushona mashuka, nikajiambia kitani ni shuka tu. Nilikunja, nikashona mara mbili, nikalaza mkunjo kwa kiganja. Kwa juu ulionekana kama wake. Kwa ndani sikuweza kujua, maana ukishashona huwezi kuona, na safari hii sikuthubutu kufumua tena. Nikaukunja mfuko kama alivyoukunja yeye, nikarudisha wembe alipouweka.

Nilikusudia kumwambia. Jumamosi na Jumapili nilitunga namna ya kuanza. Jumatatu papa aliingia anaimba, karatasi zimeongezwa muda, na sikutaka kumharibia furaha. Baadaye mwenye karakana alikuwepo, na sikutaka kusema mbele yake. Kisha bawa likaingizwa ndani ya mfuko, likaingia kama mguu kwenye soksi, wote wawili wakacheka kwa raha, na nikaona nimechelewa kidogo, ni bora ningoje nione. Kila sababu, ukiitazama peke yake, ilikuwa na akili.

Tabaka la kwanza la vanishi tulipaka Jumatatu, la pili Jumanne. Jumatano, saa tano mchana, la tatu lilikuwa linakauka. Madirisha yote yalikuwa wazi kwa ajili ya ile harufu kali. Papa alikuwa akipita na kugonga kitambaa kwa ukucha, tik, tik.

"Sikia," aliniambia. "Inaanza kusema."

Kisha tukasikia sauti nyingine, kama mtu anayechana karatasi bila haraka. Chini ya bawa, karibu na shina, mshono ulikuwa unafunguka. Haukusimama mpaka ulipofika mwisho wa pale nilipogusa mimi.

Papa alipiga magoti akaingia chini ya bawa. Nilimwona akivuta uzi, akiugeuza ukingo wa kitambaa, akipitisha kidole. Ule mkunjo wake ulikuwa na mistari miwili. Wangu ulikuwa umeshikwa na mmoja tu; ule wa ndani, sindano haikuukamata mkunjo kabisa. Fundi huujua mkono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Aligeuza uso akaniangalia kutoka kule chini, na wala haukuwa uso wa hasira.

Mwenye karakana alikuja, akainama, akatazama kwa muda. Hakupaza sauti. "Muulize alishonaje hapa," aliniambia.

Nikamuuliza, kana kwamba hakuna ninachokijua. "Papa, anauliza ulishonaje hapa."

Papa alijibu taratibu. "Mwambie vile iko."

Hilo lilikuwa lote. Hakunishitaki. Aliniwekea mlango wazi, akangoja nipite mwenyewe.

Nilianza kufikiria. Nilifikiria kwamba nikisema nilifumua, nitaulizwa kwa nini, na itabidi nieleze kitabu, na mistari miwili, na simu iliyozimwa. Nilifikiria barua ya ajira ambayo kibali changu kiliitegemea. Nilimfikiria baba yangu, aliyekwisha kuwatangazia watu msikitini kwamba mwanawe anatengeneza ndege. Nilitafuta sentensi ya kuanzia, nikaipata, nikaiona ina kasoro, nikatafuta nyingine.

"Anasemaje?" mwenye karakana aliuliza.

Nikasikia sauti yangu ikimwambia kwa Kiingereza kwamba fundi anaomba radhi.

Neno "sori" kila mtu Johannesburg analijua, hata aliyeteremka basi jana. Papa alilisikia. Alitoka chini ya bawa, akakung'uta magoti yake, moja baada ya jingine.

"Bon," alisema.

Alikusanya mkasi wake, utepe na subana. Mwenye karakana, ambaye si mtu mbaya, aliniomba nimwambie kwamba hakuna kinyongo, kwamba kazi ya zamani kama hii ni ngumu kwa mtu yeyote, kwamba atamlipa mpaka siku ya leo. Hayo niliyatafsiri vizuri kabisa, sikuacha hata moja. Papa aliitikia kwa kichwa. Nilimfuata mpaka mlangoni nikataka kumpokea cherehani.

"Wacha," alisema. "Iko nzito."

Hakurudi kwenye kile kibaraza. Nilipita pale kila siku kwa wiki tatu, mwanzoni nikiwa nimejitayarisha kusema, baadaye nikitumaini hayupo. Wakati huo watu wa gundi walikuja wakafanya kazi yao. Bawa likatoka laini, halina mshono hata mmoja. Mwenye karakana alinipongeza kwa ukaguzi.

Siku ile aliponipongeza ndipo nilipomwambia. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu pongezi sikuweza kuipanga. Nilisema yote, vibaya, nikianzia katikati. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Ungeniambia akiwa amesimama hapa," alisema.

Tangu hapo ananiamini nusu nusu, na sikagui tena viungo peke yangu. Siku za maonyesho ananipeleka ukumbini kueleza wageni. Lakini alinituma pia: kama fundi atakubali, zile ndege mbili bado zipo, na kona bado ipo. Ni kweli alikuwa ameshapanga makopo ya rangi pale chini ya dirisha, ila alisema makopo yanahamishika.

Nilimpata papa La Rochelle, Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha mbele ambacho mkewe husukia nywele. Cherehani ilikuwa imebanwa kati ya kiti cha kusukia na mlango, ikabidi wateja wapite kiubavu. Alikuwa akishona sare za shule. Mama alinisalimia, akaniletea chai, akakaa akaendelea kumsuka msichana mmoja.

"Papa," nilisema, "mshono ule niliufumua mimi. Ijumaa ile. Nikaurudishia mimi."

"Najua."

"Ningesema siku ile."

"Nilikuwa ninakungojea."

"Niliogopa."

"Niliona." Alikata uzi kwa meno. "Na yule muzungu, ulimuambia kwa kinywa chako?"

"Nilimwambia yote. Anasema urudi. Ndege mbili, na kona, na ufunguo. Anasema ahadi ni ile ile."

Mikono ya mama ilisimama kichwani mwa yule msichana. Kwa muda kidogo nilidhani nimelirudisha jambo mahali pake, na nikaanza, bila kutaka, kufikiria jinsi makopo yatakavyohamishwa. Papa aliilaza sare mapajani akaipiga pasi kwa kiganja.

"Ni muzuri ulisema," aliniambia. "Muambie aksanti sana. Lakini kule nitazungumuza na nani? Kiingereza yangu ni ya bonjour. Kinywa yangu kule ilikuwa weye."

"Nitakuwa nasema ulichosema, papa. Kila neno."

"Ndiyo. Na miye kila siku nitakuwa ninatazama uso ya muzungu, juu ya kujua kama ulisema." Alitikisa kichwa, si kwa ukali. "Kazi ya vile inachokesha. Kunywa chai, inapoa."

Mama akaendelea kusuka. Nilikunywa chai. Papa aliniuliza habari za wazazi wangu, nikamwambia hawajambo, na mteja alipoingia nilisimama kumpisha, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kusimama, nikaaga.

Jumatatu mwenye karakana aliniuliza fundi amesemaje. Nilimwambia fundi anashukuru, ila hawezi kufanya kazi mahali ambapo hana mtu wa kumsemea. Alisubiri kidogo, kama anayedhani kuna zaidi. Kisha akaniomba nimtafutie namba ya simu ya wale watu wa gundi, kwa ajili ya ndege ya pili.

Nilikuwa nayo kwenye simu.